Jiwe la Mizani

Mhifadhi alitaka tuvae glovu.
Tulikuwa wanne, kidato cha tatu, glovu jozi mbili,
basi kila mmoja akavaa mkono mmoja.

Kitu namba 41. Jiwe la mizani, shaba,
ratili ishirini. Zawadi ya familia ya mnunuzi wa kahawa.
Hayo tu, kwa wino wa rangi ya chai iliyorudiwa maji.

Mwalimu Temu alitaka kurasa tano.
Jiwe lina nini? Ni zito. Ni jiwe.
Elinami akalichora. Kiwia akalipima kimo kwa rula
na kuandika sentimita zilezile mara mbili, ukurasa ujae.

Ni Ndeshi, binti wa bucha ya Majengo,
aliyelinyanyua, akalishusha, akalinyanyua tena,
akasema: hili linadanganya.
Mkono uliokulia buchani hujua nusu na robo
kabla mshale haujatulia.

Kesho yake akaja na mizani ya baba yake kikapuni,
bado inanuka mafuta ya ng'ombe.
Ilikuwa Juni, Moshi imekunjamana kwa baridi,
ukungu umeshuka hadi kwenye reli,
na Kibo haipo, kama vile haijawahi kuwapo.
Mshale ukapita kilo tisa,
ukaenda, ukaenda, ukasimama karibu na kumi.
Tukapiga hesabu kwa kalamu, kisha kwa simu ya mhifadhi:
ratili ishirini na mbili.
Tukaligeuza. Chini, tundu lililozibwa kwa risasi,
laini, hata ukucha unaacha alama.

Mbili kwa kila ishirini.
Kiwia akaanza kuzidisha: gunia, msimu, ukoo,
ada ambazo hazikulipwa, bati ambazo hazikupanda juu ya nyumba.
Karatasi iliisha kabla yake.
Mimi nikakumbuka msemo wa kwetu Kirua,
kwamba kahawa yetu ni nyepesi, ina upepo ndani.
Wazee waliusema wakitazama chini,
kana kwamba kosa ni la udongo.

Mhifadhi akaleta daftari la mizani.
Safu za majina, safu za ratili,
na chini ya kila siku sahihi moja.
Niliijua kabla sijaisoma:
Y ile yenye mkia uliojikunja kama ndoano,
mkono ulioandika tarehe zetu za kuzaliwa
nyuma ya Biblia ya sebuleni.
Yonathani. Karani. Babu yangu,
aliyenifundisha kushika kalamu,
ambaye sokoni hakukubali kuongezewa
hata nyanya moja.

Nyanya ile nimeigeuzageuza kichwani tangu siku hiyo.

Wenzangu waligombania neno:
kasoro, au udanganyifu, au wizi.
Glovu ilinitoa jasho.
Mhifadhi akasema kadi ina mistari mitatu tu,
aandike mwenye mwandiko mzuri.
Wote wakanigeukia.

Nikaandika: limechongwa ishirini, lina ishirini na mbili.
Nikaandika jina la mnunuzi.
Ukabaki mstari mmoja.
Ndeshi akasema, hapo acha wazi.

Nikaandika: Karani, Yonathani Makule,
na ile Y, sikuituma,
ikajikunja yenyewe mkononi mwangu.