Gramu Sitini na Mbili

Asubuhi ya Juni, Matamba. Ukungu umeingia jikoni
na haujaaga.
Naweka mizani juu ya kigoda, nasubiri isome sifuri.
Haisomi; sakafu ya udongo imelala upande.
Bibi Tusajigwe anachomeka gunzi chini ya mguu wa kigoda.
Sifuri.

Bakuli tupu: mia na kumi.
Bakuli na uji wa ulezi: mia tatu na kumi.
Mtoto: Ipyana, miezi ishirini na sita,
sweta la mtu mzima, mikono imekunjwa mara nne.
Maelekezo yanasema asilazimishwe, asibembelezwe,
ale mpaka akatae mwenyewe.
Yanasema pia: watoto wengine wakae nje.

Basi Tumpe, dada yake, wa miaka minne, yuko nje,
jicho moja kwenye ufa wa mlango.

Anakula kwa kidole, kisha kwa kijiko,
kisha kwa uso mzima.
Dakika ya nane anaacha.
Anajifuta kwa sweta, analisukuma bakuli
polepole juu ya udongo
kuelekea kwenye ule ufa.

Naliinua kabla halijafika.
Ndiyo kazi yangu.
Mia moja sabini na mbili, toa bakuli:
sitini na mbili.
Hamu ya kula: hafifu, wastani, nzuri.
Weka tiki moja.

"Ameshiba?" namuuliza bibi.
"Shibe ya nani?
Wanunuzi wa viazi wanakuja na lumbesa,
gunia limeota gunia lingine kichwani, wanaliita moja.
Nyie mmekuja na gramu.
Vipimo vya wageni mimi nimevizoea."
Anageukia moto wake.

Mlango unasogea. Tumpe hasemi kitu,
analitazama bakuli mikononi mwangu.
Mimi naitazama kalamu.
Nimekula chapati mbili pale njia panda, na chai ya maziwa;
hakuna aliyenipima.

Pembeni mwa fomu, pasipo na kisanduku,
naandika: *kamwachia dada*.
Msimamizi hapendi maandishi ya pembeni.
Sifuti.

Naliweka bakuli chini, kijiko kinaanza kukwangua.
Ipyana ameegemea kigoda, anamtazama akila,
na mizani niliyosahau kuizima
inasoma mbili, sifuri,
mbili.