Gololi Tisa

Fondo wa Thoya kaileta saa nne asubuhi,
gurudumu la nyuma likinguruma kama jiwe la kusagia.
Magunia mawili ya chumvi, toka Gongoni hadi hapa Maweni.
"Tia mafuta tu, Jumwa, nina haraka."

Mafuta! Kila mwenye haraka hutaka mafuta.
Nikaipindua, kiti mchangani,
nikashika ncha ya ekseli kwa vidole viwili:
ilikuwa inatafuna.

Nati. Koni. Spana niliyoinoa mwenyewe ikawa nyembamba,
maana za dukani haziingii.
Juu ya leso kuukuu
(katika maandishi yake limesalia neno moja, MAJIRANI)
nikamwaga gololi saba.
Saba, na zatakiwa tisa.
Na ndani ya grisi nyeusi
chengachenga nyekundu, mfano wa pilipili.

Nikazisugua kidoleni. Kioo.
Ushanga.

Nikamtazama. Yeye akatazama barabara.
"Zilimwagika usiku, darajani Sabaki.
Nikapapasa, nikapapasa. Mbili sikuziona."
Ushanga ulitoka kwa nani, hakusema;
nami mdomo ninao, ila mikono ilikuwa kazini.

Koni imeliwa vishimo. Nikaitupa.
Zile saba nikazitupa nazo.
"Si nzima hizo?"
Nzima, zikiwa peke yao.
Mpya ukiichanganya na iliyolika,
mpya, kwa unene wake wa unywele mmoja,
itabeba gunia zima mpaka ipasuke,
wenzake wanapanda bure.

Kikombe nikakifuta kwa mafuta ya taa,
nikapaka grisi nene kama samli,
nikazipanga kwa ncha ya spoki, moja moja.
Ya nane ikaruka.
Sumaku ya spika mbovu ikanirudishia,
imeota ndevu za vumbi la chuma.

Kubana ndiyo kazi yenyewe.
Ukikaza, litalia. Ukilegeza, litayumba.
Nikakaza, nikarudisha kidogo, nikafunga nati,
nikaonja, nikafungua tena.
Mara nne. Fondo akaacha kuulizia haraka yake.
Kisha nikaliachia bila kulisukuma:
valvu, kwa uzito wake ule wa punje,
ikashuka yenyewe, ikapita chini,
ikarudi, ikatulia.

Alilipa. Hakuondoka.
"Zile nyekundu..."
Nilikwisha kuzikunja kwenye karatasi ya sigara, na grisi yake.
Akazitia mfuko wa shati, akaufunga kwa pini,
akapanda, akakata kona ya kinu cha mahindi.

Nikatega sikio.
Sikusikia kitu.