Hisa Kumi za Fundi Ntakije

"Kampuni ni mtu," alisema kijana wa benki
akigongagonga kalamu juu ya slipu yangu.
"Ana jina lake, ana mhuri wake,
ana namba ya mlipakodi.
Wewe ni wewe, mama. Yeye ni yeye."

Nikacheka. Mtu gani huyu
asiyeugua malaria, asiyeomba chumvi kwa jirani,
niliyemzaa mwenyewe kwa fomu na ada
nikamlaza kwenye droo, chini ya daftari la madeni?

Miaka mitano nilimchomolea mfukoni.
Ada ya Deo: droo.
Mchango wa harusi Kasulu: droo.
Kitenge cha Ujiji, ambacho hata sikukihitaji.
Barafu inauzwa Kibirizi tangu saa tisa usiku,
wachuuzi wa migebuka wanaigombea,
na jioni nikihesabu nakuta maji.

Mwaka wa sita nikatenganisha.
Akaunti ya kampuni, saini mbili: yangu
na ya shemeji Gwimo, mgumu kusaini
kuliko kufuli lenye kutu.
Nikajipangia mshahara, mdogo, mpaka nikajionea haya.
Mume wangu akija na shida namwambia,
"Ngoja nimuulize mwenye pesa."
"Mwenye pesa nani?"
"Yumo kwenye droo."
Alininunia siku mbili.

Machi, Hidaya mhasibu akaleta
karatasi tatu zilizobanwa pini.
Baada ya umeme, baada ya dizeli ya jenereta,
baada ya kodi:
milioni nne na laki sita.
Nilizitazama sifuri zile
kama anayehesabu vidole vya mtoto mchanga.

Tukakaa kikao, meza ya kulia chakula,
mimi mwenyekiti, Gwimo mwandishi, kuku anapita mlangoni.
Mimi nilitaka zote zitoke. Gwimo, zote zibaki:
"Kompresa inakohoa, shemeji. Hebu sikia."
Tukanyamaza. Kweli, inakohoa.
Ikaandikwa: milioni mbili zigawanywe,
elfu ishirini kila hisa.
Kinachobaki ni cha mwenyewe, yule wa droo.

Sabini zangu. Ishirini za Gwimo.
Kalamu ikasimama.
"Na hizi kumi?"

Ntakije. Fundi aliyetufungia mashine ya kwanza
tukiwa hatuna hata nauli ya kumpa.
Nilimwambia, basi chukua hisa,
akazipokea kama mtu anayepokea pole.

"Si alishakufa," Gwimo akasema, chinichini.
"Nani atajua?"
Hidaya hakuinua kichwa.
"Daftari la wanahisa linajua."

Binti yake alishuka kutoka Uvinza mwezi uliofuata,
Nyamwiza, na barua ya mahakama ya mirathi
ndani ya mfuko wa nailoni.
"Baba aliacha spana, redio na hiyo karatasi yenu.
Tulikaribia kufungia maandazi."
Laki mbili, nikamweleza, toa kodi ya zuio,
asilimia kumi, hiyo tunaipeleka sisi:
laki moja na elfu themanini, kwenye akaunti yako.
Simu yake ikalia. Akasoma ujumbe,
akausoma tena, akaugeuzia mwanga wa dirisha
kama noti anayoishuku.

Yangu nayo iliingia siku hiyohiyo.
Ilitoka kaunta ileile, ikarudi kaunta ileile,
mstari mmoja kwenda mstari mwingine,
safari ya miaka sita.
Nilinunua kiatu. Sikumwomba mtu ruhusa.

Nyamwiza hakuondoka. Aliuliza mashine iko wapi,
akaingia kwenye ubaridi na kandambili zake,
akainama, sikio karibu na bati,
macho amefumba, vilevile alivyofanya baba yake.

"Beringi," akasema.
Akajifuta grisi kwenye upindo wa khanga.
"Tusiipuuze hii."

Gwimo akaniangalia.
Hakusema *msiipuuze*.