Nyota Nyeupe Haina Hasira

Usiku wa nne Shoghakat hajalala.
Theluji ya Aragats imeziba nusu ya mlango,
na kahawa aliyoipika Vardges, fundi wa kuba,
imeganda kikombeni kama lami.

Kwenye kompyuta mstari wa nuru
umenyooka kama shuka lililopigwa pasi;
halafu, saa nane na dakika kumi na mbili,
umeruka,
ukashuka polepole, saa tatu nzima,
kama mtu aliyetukana mbele ya wakwe
na sasa hajui pa kuuficha uso.

Haiwezekani, anasema.
Nyota nyekundu, ndogo, zilizopoa, hizo sawa:
ndani yake kunatokota kama chungu cha maharage,
sumaku zinasokotana, zinakatika, moto unafyatuka.
Hii ni nyeupe. Ina nyuzi elfu tisa.
Na kioja cha mbingu ni kwamba iliyo moto zaidi
haichemki juu; joto linapenya ngozi yake
kimya, kama mwanga dirishani.
Pasipo povu hapana msokoto,
pasipo msokoto, nani afyatue?

Vardges anakung'uta kofia.
"Kwetu Gyumri, ghorofa ya chini,
aliishi mwalimu wa piano, mpole, hata paka walimdharau.
Usiku mmoja sahani zikavunjwa mle, matusi, hadi alfajiri.
Mtaa mzima tukasema: kumbe!
Miaka miwili baadaye likatoka jeneza dogo.
Ndipo tukajua alikuwa na mama mle ndani,
kikongwe aliyerukwa na akili,
asiyepata kuonekana dirishani."

Shoghakat anavuta karatasi, anapiga hesabu.
Mwenza mwekundu, aliyefunikwa na mng'ao wa mkubwa:
ili sauti yake ifike huku,
ingebidi apige ukelele
unaoushinda mwili wake mara hamsini.
Yawezekana. Wadogo wana mambo.
Anaandika: *Kikulacho ki nguoni mwako.*
Anaikata. Hilo si jibu la kupeleka kwa wakubwa.
Anaandika: *Labda si yeye.*
Kalamu inagoma kwenye nukta.

"Na mwalimu mwenyewe," anauliza,
"una hakika hakuvunja hata sahani moja?"

Vardges ananyamaza muda mrefu,
mpaka injini ya kuba inakohoa na kuwaka.
"Hatukumuuliza," anasema.
"Tulipomwona mama, tulitosheka."

Shoghakat anavaa glavu,
anaigeuza darubini irudi palepale.