Kuteleza Si Kuanguka

Simu ilisema mvua, asilimia tisini.
Eleri akasema ile kumi iliyobaki ni yetu.
Basi tuko hapa, juu ya Llanberis,
chini ya ukuta wa jiwe la kuezekea
ambao mababu zake waliupasua kwa baruti
hadi mlima ukabaki nusu,
na maji yanashuka ukutani bila haraka,
kama mtu mwenye ufunguo wa nyumba.

Nimetoka zamu ya usiku, wodi ya wazee, Bangor.
Vidole bado vinanuka sabuni ya hospitali.
Navitia mfukoni kutafuta chaki,
nakuta uji.

Jina langu humshinda Eleri.
Riziki, namwambia. Yeye: Riski.
Na riski, kwa lugha yao, ni hatari.
Nilishachoka kumsahihisha.
Leo, nikikaza fundo kiunoni,
naona huenda hakukosea sana.

Mguu wa kwanza. Wa pili.
Jiwe lina ubaridi wa samaki.
Chini, kondoo watatu wamejibanza
ndani ya kibanda kisicho na paa,
wanatutazama kama majirani
wanaojua mambo yetu yataishia wapi.

Methali hazina adabu:
huja wakati huna mkono wa kuzifukuzia.
Kamba hukatikia pabovu, yasema moja.
Mpanda ngazi hushuka, yaitikia dada yake.

Kisha mguu wa kushoto
unaondoka bila kuaga.

Goti. Kiwiko. Kofia ngumu, ko!
Kamba inakaza.
Naning'inia kama nguo
iliyosahaulika kambani, mvua ikinyesha.

"Nimekushika!" anapaza sauti Eleri,
neno la Kiswahili alilotaka nimfundishe
kabla ya asante,
kabla ya habari.

Jana usiku Bwana Prydderch, miaka tisini na moja,
aliyelichonga jiwe hili ujanani,
alinikamata mkono saa tisa
asijue ni wa nani.
Kiingereza kilikuwa kimeshamtoka,
Kiwelisi chake sikijui.
Nikamwambia kwa changu: nimekushika.
Akalala.

"Uko salama?"
Nipo, namjibu. Kuteleza si kuanguka.
"Unasemaje?"
Nitakueleza kwenye chai.

Napapasa ukuta, napapasa tena.
Manyunyu yananiingia mikononi hadi kwapani.
Kuna ufa mahali hapa, niliuona nikiwa chini,
mwembamba, labda mkavu.
Naitafuta ile kumi.