Kijiko

Tangu kiharusi, Nanuli huniita Kijiko.
Jina langu, Tengiz, limo humo kinywani,
limekwama kama ufunguo uliopinda kitasani.
Nami huitika. Katika miaka thelathini na minane ya ndoa
nimeitwa mabaya zaidi.

Nje, Kutaisi imelowa theluji ya Februari.
Ndani, jiko la kuni na somo letu la asubuhi:
lozi kumi, za kuhamishwa kwa mkono wa kulia
kutoka bakuli hili hadi lile.
Mkono huo ulishona magauni ya maharusi wa mtaa mzima.
Leo lozi ya tatu inaponyoka, yabingirika chini ya kabati,
naye anaitukana.
Tusi limetoka zima, halikukosa hata herufi!

Nimfungapo vifungo vya sweta, anavifungua,
anaanza upya mwenyewe, kuanzia chini.
Dakika ishirini. Chai inapoa.
Nilibeba saruji miaka kumi kwenye majengo ya watu;
haikuwa kazi kama hii,
kukalia mikono yangu.

Jana usiku umeme ulikatika.
Gizani nikasikia goti likigonga kiti,
hatua, fimbo, hatua,
kisha mkono begani mwangu, ule mzito.
“Ten,” akasema.
Nikangoja.
“Ten…”
Akacheka, akachoka, akaniegemea.

Asubuhi hii sikumkumbusha.
Alinyoosha kidole kwenye birika:
“Kijiko, chai.”
Kijiko akainuka, akapiga kiberiti,
huku nusu ya jina lake ikimchoma kifuani.