Shimo la Saba, Nachingwea

Injinia Mwakyoma alitoka Mtwara na gari la kazini,
begi la fimbo limelazwa kiti cha nyuma kama mgonjwa.
Akauliza sokoni, akauliza bomani, mwishowe akaletwa kwetu:
"Nasikia kiwanja cha gofu kigumu kuliko vyote Kusini kiko huku."
Mama hakuinua kichwa, alikuwa akibangua korosho.
"Kiko," alisema. "Umeegesha gari juu yake."

Mimi ndiye niliyemtembeza.
Baba yangu, Chinguile, alibeba fimbo za wazungu wa karanga
akiwa na miaka kumi na miwili, pekupeku,
na mashimo yote tisa alitukaririsha
kabla hatujaijua tatu mara tatu.

La kwanza ni ua wa Binti Mpeme, panapoanikwa makopa.
La pili limekaliwa na zahanati.
La tatu ni tuta la reli. Reli iling'olewa, tuta likabaki.
"Mpira ukivuka hapa," baba alikuwa akisema,
"usiufuate. Uage."
La nne ni vichuguu, na kila masika vinahama
kama wapangaji wasiolipa.
La tano hakulisimulia zaidi ya mara moja:
bwana mmoja alikuwa ameshainua mkono apige,
mtoto akakohoa.
Alichapwa kwa fimbo ileile, ya chuma,
kisha akaambiwa aifute.
Tukienda kisimani tulipita hapo bila kusemezana.
La sita silijui. Baba naye aliliruka kila alipohesabu,
na hatukuwahi kumuuliza.

La saba ni shamba letu.
Mikorosho arobaini na miwili, mmoja umeinama.
Ukipalilia, jembe hugonga kitu, si jiwe:
kipira, cha manjano kama jino la mla ugoro.
Dada yangu Somoe alikiweka kimoja kwenye kiota,
kuku akaatamia siku ishirini na moja,
akaongeza ya ishirini na mbili,
akaongeza wiki nzima, amekonda, hataki kushuka,
mpaka mama alipomfunika tenga.

Injinia alivaa glavu mkono mmoja.
Pigo la kwanza likagonga shina, likarudi,
likampitia sikioni likivuma.
La pili likatumbukia kwenye shimo la ndezi.
La nne, la tano, alikuwa kwenye mabibo yaliyooza,
nyuki wamemzunguka, viatu vyake vyeupe vikinata.
Ngedere mmoja alishuka, akaunusa mpira,
akauacha. Hilo lilimuuma kuliko yote.
Mama alikuwa ametufuata, ungo kiunoni,
anahesabu kwa sauti kama karani wa mnada:
"Kumi na moja. Na hiyo ya kuchota mchanga?"
"Nayo imo," nikasema.
Baba alisema hata ukipiga hewa, umepiga.

Chini ya mkorosho ulioinama, ukifukua kiganja kimoja,
mchanga bado mweusi.
Waliumwagia oili chafu, wakausawazisha kwa gunia,
ndiyo iliyokuwa nyasi yao.
Miaka yote hiyo hapajaota hata kwekwe.
Shimo lenyewe halikuwapo tena;
mama akalitoboa kwa kisigino, akazungusha, akasogea pembeni.

Injinia alipiga magoti, akafunga jicho moja,
akapangusa majani, akasimama, akapanga miguu.
Mapigo kumi na manane. Umbali wa mkeka mmoja.
Upepo ukatulia. Hata nyuki, nadhani.
Akarudisha fimbo nyuma, polepole,

na mama akakohoa.

Hakuwa na mafua. Alikohoa kikohozi kirefu, cha kifuani,
akakimaliza chote, bila kuziba mdomo,
akimtazama usoni.

Mpira ulikipita kishimo kwa upana wa kidole.
Injinia akageuka na fimbo mkononi.
Mama hakusogea.
Yule bwana akaangalia fimbo, akamwangalia yeye,
akacheka, akajifuta jasho kwa glavu.

"Kumi na tisa," mama akasema,
akauinua ungo wake, akarudi kwenye korosho.